Misumari ya Mzee Wekesa

Ngazi yangu nimempa Njoroge, mwenzangu wa kazi, nyundo ya kucha nimebaki nayo. Mke wangu ananiuliza nyundo ya nini kwa mtu aliyestaafu, nami namwambia ni ya kuvunjia makaa. Nimeezeka na kuezua nyumba za watu kutoka Kitale mpaka Bungoma tangu nikiwa kijana mwembamba, na sasa magoti yamekataa. Nyinyi vijana wa Kibomet mliobaki na kazi mmeniomba niwaandikie yale niliyoyaona. Mlidhani nitawaandikia kuhusu kuanguka. Sijawahi kuanguka. Kilichoniandama maisha yangu yote juu ya paa ni mshtuko, na kila nilipodhani nimeuzoea, ulinijia upya.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Fundi Sakwa, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyevaa koti hata jua likiwaka. Siku ya kwanza nilifika na nyundo mpya nikitaka kupanda. Akaninyang'anya nyundo, akaniingiza katika nyumba tupu ya mteja pale Kibomet, akaniachia sufuria na stuli.

"Kaa hapo mpaka mvua ikuje," akasema. "Ukiona inadondoka wapi, utaniambia."

Mvua ya Kitale haichelewi alasiri. Ilipoanza nikaweka sufuria pale palipodondoka, nikajiona fundi tayari. Sakwa akaja, akatazama, akaniambia nipande nimwonyeshe tundu. Nilipanda nikaenda moja kwa moja juu ya pale sufuria ilipokuwa. Hapakuwa na tundu. Bati lilikuwa zima kama paji la uso wa mtoto. Nilibaki nimeduwaa, mvua inaniingia kwenye kola. Tundu lilikuwa mbali, karibu na kofia ya paa, yaani lile bati lililokunjwa linalofunika kileleni. Maji yaliingilia huko, yakafuata mbao taratibu, yakaamua yenyewe pa kudondokea. Tangu hapo, mteja akiniambia "inavuja hapa," nasikia tu kwamba inavuja.

Sakwa alinifundisha pia kukanyaga palipo na msumari, kwa sababu chini ya msumari pana mbao. Alinifundisha kupanda bila viatu asubuhi bati likiwa na umande. Na alinifundisha jambo ambalo nililiona la kipuuzi wakati ule: kwamba kabla ya kugusa paa la mtu, uizunguke nyumba pamoja na mwenyewe, polepole, yeye akisema na wewe ukinyamaza. "Nyumba ni yake," alikuwa akisema. "Wewe umeletwa na mvua tu."

Mshtuko mkubwa wa kwanza niliupata kwa dada mmoja muuguzi aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Alikuwa amejenga Kibomet, paa likazeeka, akaajiri kontrakta kwa simu. Kontrakta alimtumia picha: paa jekundu linang'aa, hata mawingu yanajiona. Akafurahi, akawaonyesha wenzake kazini. Aliporudi nyumbani wakati wa masika, maji yakamkuta kitandani. Akaniita.

Nilipanda nikiwa na msumari mkononi. Rangi ilikuwa nzuri kweli. Nikakwaruza kidogo.

"Fundi, usikwaruze, hiyo ni mpya," akaniambia kutoka chini.

Nilikwaruza tena pahali pengine, na pengine. Chini ya wekundu palikuwa na kutu, kutu ile ya zamani inayobomoka kama sukari guru. Hakuna bati hata moja lililokuwa limebadilishwa. Paa zima la zamani lilikuwa limepakwa rangi, likapigwa picha. Nimeona wizi mwingi, wa saruji, wa mbao, wa mchanga, lakini mtu kuiba paa na kuliacha palepale juu ya nyumba, hilo lilinishinda. Nilikaa juu kwa muda nikijifanya napima.

Nilipomwambia, alisema tu, "Ati rangi?" Akaketi kwenye ngazi za mlango, akarudia, "Rangi, bana."

Kwa hiyo yeyote atakayewauliza jinsi ya kumwajiri fundi, mwambieni aulize jambo moja kabla ya yote: mabati ya zamani yatawekwa wapi? Fundi aliyebadilisha paa huacha rundo la mabati mabovu uani, na kuku wanalala chini yake. Hakuna rundo, hakuna paa. Mwambieni pia asome namba ya geji, yaani kipimo cha unene wa bati. Wateja wengi huambiwa kwamba namba kubwa ndiyo bati zuri, kumbe namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba. Nimeona mwalimu mzima akijivunia bati ambalo ningeweza kulikunja kwa magoti. Na aende akaone kazi ya fundi iliyokwisha kunyeshewa. Paa ambalo bado halijaonja mvua halina sifa wala lawama.

Njoroge tulikutana katika miaka hiyo. Wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati wakapata shamba Trans-Nzoia, yeye akazaliwa huku na kukulia Kibomet. Hakuna aliyemshinda kwa kukata bati. Makasi yake yalipita kwenye bati kama kwenye kitambaa, na hakuongea akifanya kazi, jambo ambalo mimi, mtu wa maneno, lilinifaa. Tuliezeka pamoja nyumba nyingi za Bungoma mjini, za kukodisha, za maduka, na kanisa moja lenye paa lililoinuka kama ukuta.

Halafu akaja Simiyu. Simiyu alikuwa jirani yangu Kitale, na wazazi wake waliishi karibu na Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Alitaka paa la babake litolewe lote liwekwe jipya. Babake aliitwa Mzee Wekesa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa, na hakumwamini fundi yeyote aliye hai.

Tulizunguka nyumba kama Sakwa alivyonifundisha. Mzee Wekesa alinionyesha kila kitu. Alinionyesha pale paka anapoingilia, pale mbao ya pembeni ilipooza, pale fundi wa kwanza alipopinda msumari akauacha hivyo hivyo, na jina la fundi huyo akalitaja kwa uchungu. Kuna kitu kimoja ambacho hakunionyesha, kwa sababu kwake hapakuwa na haja, sawa na vile usivyomwambia mgeni asikalie moto.

Kwenye ncha ya paa, upande wa mbele, palikuwa na kijiti kimesimama. Sisi Wabukusu tunakijua. Zamani, nyumba zikiwa za mviringo na za nyasi, mti wa kileleni ulisimama wazi juu ya paa kuonyesha kwamba nyumba ina mwenyewe, mwanamume, na yuko hai. Akifa, unatolewa. Mtu akipita njiani akiona paa halina mti, anajua bila kuuliza. Nyumba za mabati zilipokuja wengi waliacha, na mimi nilidhani desturi hiyo imebaki kwenye hadithi za nyanya. Mzee Wekesa hakuacha. Alipohamia nyumba ya mabati alikwenda na mti wake. Ulikuwa umeshakuwa mweusi kwa mvua, mfupi, na ukitazama kutoka chini ungeweza kudhani, kama mimi nilivyodhani, ni kipande cha antena ya zamani.

Asubuhi ya kazi mzee aliikagua misumari niliyoleta, akazitazama raba zake za kuzuia maji, akairudisha kwenye karatasi.

"Hii ni ya kuezeka choo," akasema. "Anzeni kutoa ya zamani. Mimi naenda Bungoma kuchagua misumali yangu mwenyewe."

Akaita bodaboda, akapanda, akashika kofia, akaenda. Mimi niliingia juu ya silingi, ndani kabisa, kutazama boriti zilizoliwa na mchwa. Njoroge alipanda nje akaanza kung'oa kutoka kwenye kofia ya paa, kama ipasavyo. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye vumbi, tochi mdomoni, niliposikia kitu cha mbao kikibingirika juu ya mabati, kikanyamaza kidogo hewani, kikaanguka uani.

Mwanamke aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe kwenye ua wa jirani akapiga ukemi.

Nimesikia watu wakilia msibani, lakini ukemi ule wa kwanza, wa mtu mmoja, asubuhi yenye jua, ulinisimamisha nywele. Nikajigonga kichwa kwenye boriti. Nilipotoka nje nilimwona Njoroge amesimama juu ya paa, kucha za nyundo zikiwa hewani, haelewi anayeliliwa ni nani. Kisha nikaona kijiti kimelala kwenye mchanga, na hapo nikaelewa yote mara moja.

Mama Simiyu, mke wa mzee, alitoka jikoni na mboga mkononi. Alitazama kijiti, akatazama paa, akanitazama mimi. Hakupiga kelele. Alikuwa amemwona mumewe akiondoka kwa pikipiki muda mfupi uliopita, na barabara ile ya kwenda mjini kila mtu anaijua.

"Mmepigiwa simu saa ngapi?" akaniuliza.

Mpaka leo sauti yake iko masikioni mwangu. Alidhani tumepata habari za ajali. Alidhani Simiyu ametupigia, akatuamuru tutoe mti kabla hatujampa habari mama. Nilifungua mdomo kumweleza, na maneno, mimi ambaye sijawahi kukosa maneno, yakanikauka. Naye akachukua kimya changu kuwa jibu. Mboga zikaanguka.

"Mama, hapana," nikasema mwishowe. "Hakuna simu. Ni makosa ya kazi. Mzee yuko sawa."

"Umejuaje yuko sawa?"

Sikuwa nimejua. Nikatoa simu nikampigia. Simu ikalia ndani ya nyumba, juu ya meza ya sebuleni, imechomekwa kwenye chaji. Tulisimama wote tukiisikiliza ikilia mpaka ikakata. Nitasema ukweli: wakati ule hata mimi niliogopa. Niliona pikipiki ile akilini, nikaona lori. Kijiti kile kililala pale chini, na ingawa nilijua kimetolewa na mkono wa Njoroge, mwili wangu ulikuwa umeshaamini.

Watu wa Kibabii hawakungoja uthibitisho. Walikuja kwa njia ya mbele na kwa njia ya shamba. Wanawake wakamzunguka Mama Simiyu. Viti vikaletwa. Jirani mmoja alikuwa ameshavua shati anapasua kuni, na sufuria kubwa ya kanisa ikafika kichwani mwa mtu. Kila niliyemshika mkono kumweleza kwamba ni makosa alinipapasa begani akaniambia, "Pole, fundi. Ni mapenzi ya Mungu." Mtu mmoja alikuwa amempigia Simiyu Kitale, na Simiyu alikuwa njiani, hashiki simu tena. Njoroge alikuwa bado juu ya paa. Aliogopa kushuka na aliogopa kubaki.

Mzee Wekesa alirudi na bodaboda ileile, katoni ya misumari mapajani. Alipoona watu wamejaa kwake, alimwambia kijana wa pikipiki asimame mbali na lango, akashuka, akavua kofia kwa heshima. Alimwendea mtu wa kwanza aliyempa mgongo, akamgusa.

"Poleni," akasema. "Nani ametuacha?"

Yule mtu aligeuka, akamwona, akarudi nyuma mpaka akakalia mtu mwingine. Kilio kikakatika kipande kwa kipande, kuanzia langoni mpaka jikoni. Nimekuwa mahali pengi penye kimya, lakini kimya cha watu waliokuwa wakilia ni kitu kingine. Mzee alipita katikati yao na katoni yake. Aliona kijiti mchangani. Alitazama ncha ya paa. Kisha akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Fundi," akasema polepole. "Kumbe ni mimi?"

Mama Simiyu aliketi chini pale pale, akashika kichwa, akaanza kucheka kicheko ambacho sikukipenda, mpaka kikageuka machozi.

Sasa ikawa kesi nyingine. Mti ulikuwa umetoka na mtu yuko hai, tena ameshaliliwa. Hakuna aliyejua kinachofuata, kwa sababu hakuna aliyewahi kuliona jambo lenyewe. Mmoja alisema achinjwe kondoo. Mchungaji akasema hapana, ni maombi tu. Mwingine akasema mzee asilale nyumba ile mpaka wazee wa ukoo wakae. Njoroge, mtu mzima mwenye watoto, alishuka, akaja mbele ya mzee, akasema atafunga vyombo vyake aende zake.

Mzee akamuuliza, "Wewe, kwenu ni wapi?"

"Kibomet, mzee. Lakini sisi ni watu wa Kati."

"Na huko kwenu mtu akikufa mnajuaje?"

Njoroge akafikiri. "Tunaambiwa, mzee."

Mtu mmoja alicheka, akajaribu kukizuia kicheko kikatokea puani, na hapo uwanja wote ukaachilia. Mzee hakucheka. Aliokota mti wake, akaufuta mchanga kwa shati, akatia misumari mfukoni, akaniambia niisogeze ngazi.

"Mzee, ngoja nikupandishie," nikasema.

"Si wewe umesikia nimekufa? Ngazi itanifanya nini?"

Alipanda mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kumshika. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa Elgon. Alisimamisha mti kwenye mbao ya kileleni, akaomba nyundo yangu, hii niliyobaki nayo, akaanza kupigilia. Alipiga msumari, akaongeza mwingine, akazunguka upande wa pili akaongeza tena. Watu wote walikuwa wametazama juu.

"Baba Simiyu, si inatosha?" mkewe akamwita kutoka chini. "Hiyo misumali ni mingi."

"Acha ikuwe mingi."

Akaendelea mpaka mfuko ukaisha. Simiyu aliingia langoni mbio, uso umevimba kwa kulia njia nzima, akamkuta marehemu juu ya paa anapiga nyundo. Alisimama palepale, mdomo wazi.

Mvua ilipokuja tulitandaza turubai juu ya nyumba, waombolezaji wakajibanza ndani, na chakula cha msiba kikaliwa, mzee mwenyewe akiwa wa kwanza kunyoosha sahani. Siku zilizofuata tuliezeka. Mti unaotokeza juu ya paa ni shida ya kweli kwa fundi, kwa sababu maji yanateremka nao mpaka ndani. Njoroge alikata bati akalikunja kuwa kola inayouzunguka mti, tukaziba kwa lami, na pahali pale hapakuwahi kuvuja. Nadhani ndiyo kazi bora aliyowahi kufanya. Tangu wakati huo, kila tulipopewa kazi, Njoroge ndiye aliyemzungusha mwenye nyumba, akiuliza juu ya kila waya, kila jiwe lililowekwa kuzuia upepo, kila kopo. Kuna mama mmoja wa Kitale alimuuliza antena ya televisheni inaweza kuwa na maana gani. Njoroge akamjibu, "Mama, niambie wewe."

Mwaka huu, nikiwa nimeshagawa ngazi, Simiyu alinipigia simu. Nilijua kabla hajasema. Babake alikuwa ameugua kidogo, akalala, hakuamka.

"Fundi Masinde," akasema, "baba alisema ni wewe utatoa. Alisema wewe unajua kuuliza kwanza."

Nilikwenda na Njoroge na ngazi yake. Njoroge alikataa kupanda, akasema atashika chini. Niliuliza kwanza. Nilimwendea Mama Simiyu, amekaa kwenye kiti chini ya paa tuliloliweka sisi, nikamwambia, "Mama, nitoe?" Akaitika kwa kichwa.

Nilipanda na magoti yangu haya, nikatia kucha za nyundo. Msumari wa kwanza haukusogea. Wa pili ulikatika kichwa. Kutu ilikuwa imeishika mbao, na mbao imeishika misumari, na mzee alikuwa amepigilia kila upande ambao mtu angeweza kufikiria, na pande nyingine ambazo mimi nisingefikiria. Chini walikuwa wamejaa, na hakuna aliyelia. Walikuwa wananingoja. Jasho lilinitoka, machozi yakafuata, sikuwa na mkono wa kujifuta. Niliuvuta mti ule nikashtuka kuona kwamba sitaki utoke.

Ulitoka kwa mlio mkali, misumari ikiwa bado imeuzunguka. Nilimshushia Njoroge, naye akaupokea kwa mikono miwili, akaupeleka kwa mama, akapiga goti.

Mama Simiyu aliuweka mapajani. Akapitisha kidole juu ya misumari, mmoja mmoja.

"Nilimwambia hiyo misumali ni mingi," akasema.

Halafu ndipo akalia, na sisi wote tukajua.